Risasi Imegonga, Mnyama Hajalala: Tafuta Kosa Kabla ya Kulaumu Greni

Kwenye maboksi mengi ya risasi za kaliba .30-06, .308 na .270 (kaliba ni ukubwa wa risasi na mtutu wake) kuna picha ya mnyama mwenye pembe za matawi. Huyo ni ayala, yule tunayemsikia kanisani, na porini kwetu hayupo. Kiwanda kilipotengeneza risasi ile kilikuwa kinamfikiria ayala wa Marekani mwenye mkia mweupe, dume la kilo 60 hadi 130, anayepigwa mbavuni nyuma ya bega. Ukitoka Arusha kuelekea vitalu vya uwindaji vya Longido, Monduli, Simanjiro au Ziwa Natron, asubuhi moja inaweza kukukutanisha na swala tomi wa kilo 25, pala wa kilo 60, kongoni wa kilo 140 na pofu dume anayezidi kilo 600. Bunduki ni ile ile, na boksi ni lile lile.

Ndiyo maana swali la "nitumie greni ngapi?" hujibiwa vibaya likijibiwa kwa namba tupu. Greni hukuambia uzito wa kile kinachoruka. Haikuambii kitu kile kimetengenezwaje, kinakwenda kwa kasi gani, wala kiliingia wapi. Mwongozo huu unaanzia mwisho: kwenye mzoga, kwenye damu na kwenye karatasi ya shabaha, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Tunachukulia kwamba leseni ya uwindaji, kibali cha silaha na kitalu viko sawa, na askari wa wanyamapori yuko kwenye gari.

Tuelewane maneno kwanza, maana "risasi" kwa Kiswahili linabeba mizigo mitatu: kitu kizima kinachoingia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu), kile kinachoruka, na madini yenyewe mazito na laini. Hapa risasi ni kitu kizima. Kinachoruka tutakiita kichwa, na madini tutayaita madini ya risasi. Vichwa viko vya aina nne. Kuna laini wa kawaida, yaani madini ya risasi ndani ya koti jembamba la shaba, ncha ikiwa wazi. Kuna wa kushikamana, ambao madini yamegandishwa kwenye koti au yamegawanywa kwa ukuta katikati, kama Nosler Partition na Swift A-Frame. Kuna wa shaba tupu, kama Barnes TSX. Mwisho ni solidi, kisichochanua kabisa, yaani hakifunguki kama uyoga kikigonga mnyama. Greni moja ni gramu 0.065. Kwa hiyo kichwa cha greni 150 kina gramu 9.7, cha 165 kina 10.7, cha 180 kina 11.7, na kile cha greni 300 cha .375 H&H kina gramu 19.4.

## Amekimbia mbali, na matundu yote mawili ni madogo

Umesikia mlio wa kugonga, pala akaruka na kuondoka na wenzake. Mmemkuta mita 300 mbele, au hamjamkuta kabisa. Tundu la kuingilia ni dogo, na la kutokea ni dogo vile vile.

Usianze na greni. Anza na mahali. Kwa swala wetu, moyo na sehemu nene ya mapafu vimekaa mbele zaidi na chini zaidi kuliko anavyotarajia mtu aliyejifunza kwa picha za ayala. Akiwa amesimama ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele, uishie theluthi moja ya kifua kutoka chini. Anayelenga kiganja kizima nyuma ya bega hugonga ukingo wa mapafu, ini au tumbo, na hapo hakuna uzito wa kichwa utakaomsaidia.

Damu itakuambia. Nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu. Nyekundu iliyokolea, isiyo na povu, mara nyingi ni ya ini. Majimaji yenye majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi ni ya tumbo. Wa mapafu mpe dakika 15 hadi 20. Wa ini mpe saa moja. Wa tumbo, kwenye nchi za baridi watu husubiri hata mpaka asubuhi, lakini kwetu ushauri huo una kasoro: kuna fisi, kuna jua, na mnyama akipigwa jioni mzoga hautakusubiri. Kinachofanya kazi ni msoma nyayo kutangulia polepole bila kumsukuma mnyama, na mpigaji mmoja tu nyuma yake akiwa tayari kuongeza risasi ya pili.

Kama mahali palikuwa sahihi na bado matundu ni ya penseli, basi kichwa hakikuchanua. Sababu ziko tatu. Ya kwanza, kichwa ni kigumu kuliko mnyama: shaba tupu ya greni 180 iliyopita katikati ya mbavu za tomi haikupata cha kuifungua. Ya pili, kasi iliisha njiani. Vichwa vingi vya shaba tupu huhitaji kufika vikiwa na mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili vichanue vizuri. Greni 180 ya .308 hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mita 800 hivi kwa sekunde na hushuka chini ya 600 ikifika kama mita 260 hadi 300, kutegemea umbo lake. Ya tatu, ambayo hutokea zaidi ya watu wanavyokiri, ni kwamba mtu amechomoa risasi ya solidi au ya mazoezi kutoka mfukoni bila kuangalia ncha.

Dawa ya mbili za kwanza haifanani na ile ambayo wengi hukimbilia. Hapa hupandishi greni, unazishusha. Ukihama kutoka vichwa vya madini ya risasi kwenda shaba tupu, shuka ngazi moja: uliyekuwa unatumia 180 chukua 165 au 150. Shaba tupu haipotezi uzito ikigonga, hivyo ile 150 itazama vizuri, na kwa kuwa inafika na kasi zaidi, itachanua.

## Bega lote limekuwa uji

Tomi amelala palepale, lakini mkichuna, mguu wa mbele mzima umevilia damu na mfupa umekuwa chembechembe. Hiyo ni kasi kubwa mno kwa kichwa laini, basi. Mfano wake ni .300 Winchester Magnum yenye kichwa laini cha greni 150, inayotoka kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde, ikikutana na mfupa kwenye mita 60. Kichwa hupasuka kabla hakijafika ndani. Kwa mnyama mdogo unapoteza nyama. Kwa kongoni ni hatari zaidi, kwa sababu mpasuko ule ule hubaki juu juu kwenye bega na mapafu hayaguswi.

Wengi hudhani kwamba nyama ikiharibika basi kichwa ni kizito mno, wakashuka kwenda greni 130 au 125. Hapo wanaongeza tatizo, maana kichwa chepesi hutoka na kasi kubwa zaidi. Panda juu badala yake. Katika .30-06, greni 150 hutoka kwa karibu mita 890 kwa sekunde, 180 kwa mita 820. Tofauti hiyo ya mita 70, pamoja na kichwa cha kushikamana, hutosha kukuachia mguu wa kuchoma.

Nyama iliyozunguka tundu la kichwa chenye madini ya risasi ikatwe kwa ukarimu, sm 10 au zaidi, maana chembe zake husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Usimtupie mbwa, wala usiiache wazi tai waijie. Sumu ni sumu kwa wote.

## Hakuna tundu la kutokea, na damu ni ya kuhesabu matone

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu zaidi, kwa sababu maana yake inaweza kuwa nzuri au mbaya. Huwezi kujua mpaka ukitafute kichwa ndani ya mzoga, kazi ambayo wachunaji wengi hawaifanyi wasipoambiwa.

Kapapase kwanza chini ya ngozi ya upande wa pili. Ngozi hunyumbulika kuliko nyama, na vichwa vingi huishia hapo, vikionekana kama uvimbe mdogo. Ukikikuta pale kimechanua kama uyoga, kimefanya kila kilichotakiwa, na lawama irudi kwenye mahali ulipolenga. Ukikikuta kimeishia kwenye bega la kuingilia, au umekuta vipande vya koti tu, basi kilikuwa chepesi au laini kuliko kazi.

Usikisie kwa macho. Kioshe, toa nywele na vipande vya mfupa, kisha kipime. Arusha haina shida ya mizani: wafanyabiashara wa vito wana mizani za karati zinazosoma sehemu ndogo kabisa za gramu, na kupima kichwa kimoja si jambo la kununiana. Karati moja ni gramu 0.2, yaani greni 3.1 hivi. Kichwa cha greni 150 kikiwa kipya ni karati 48.6, cha 165 ni 53.5, cha 180 ni 58.3. Gawanya kilichobaki kwa uzito wa awali. Tuseme umetoa kwenye bega la nyumbu kichwa chenye karati 20 kilichokuwa 48.6: kimebaki asilimia 41 tu. Kichwa laini cha kawaida kikibaki na nusu hadi asilimia 70 kimejitahidi. Cha kushikamana utarajie kuanzia theluthi mbili hadi asilimia 90 na zaidi, na shaba tupu isiteremke sana chini ya 95 isipokuwa imevunjika mbawa zilizochanua.

Kikiwa kimebaki chini ya nusu, kabla ya kupanda greni badilisha aina. Greni 165 ya kushikamana itapita mbali kwenye bega la kongoni kuliko greni 180 laini inayosambaratika. Ukishafika kwenye aina sahihi ndipo uzito unaanza kuleta maana, na maana yenyewe ni hii: ndani ya kaliba moja, kichwa kizito ni kichwa kirefu, na kirefu husukuma zaidi kwa unene ule ule. Usilinganishe kaliba mbili kwa namba ya greni. Greni 150 ya .270 ni ndefu na nyembamba. Greni 150 ya .308 ni fupi na nene. Zikiwa za aina moja, ile ya .270 ndiyo itakayozama zaidi, ingawa mizani inazisoma sawa.

Kwa .30-06 na .308 huku kwetu, tungepanga hivi. Tomi, granti, pala na kulungu wanatosheka na greni 150 laini, isipokuwa mkiwa karibu sana. Kongoni, kuro, nyumbu na pundamilia wanataka 165 hadi 180 ya kushikamana, au 150 hadi 165 ya shaba tupu. Nyumbu na pundamilia usiwadharau: wana mabega mazito na roho ngumu, na ndio wanaowafanya wageni wabadilishe maboksi katikati ya safari. Pofu dume ni kwa greni 180 hadi 200 ya kushikamana, kwa umbali wa kukuhakikishia mahali, na ukiwa na 9.3x62 yenye greni 286 au .375 yenye 270 hadi 300 usione aibu kuitumia. Kwa .243 yenye greni 100, ishia kwa pala na granti. Nyati hayumo kwenye mjadala huu. Kwake .375 ndiyo kima cha chini, greni 300, ya kwanza ikiwa ya kushikamana na zinazofuata mara nyingi solidi, na mwindaji bingwa akiwa pembeni.

Sasa mtu atauliza: leseni yangu ina tomi, kongoni na pofu, nibebe maboksi matatu? Hapana. Chagua kwa ajili ya mnyama mkubwa aliyemo kwenye leseni, si yule utakayemwona mara nyingi. Kichwa cha greni 180 cha kushikamana kitatoboa tomi kwa tundu dogo, kweli, lakini ukimpiga begani badala ya mbavuni utakipa mfupa wa kukifungua. Kichwa laini cha 150 kwenye bega la pofu hakina dawa ya namna hiyo. Na boksi moja maana yake ni kurekebisha shabaha mara moja, jambo ambalo dalili zinazofuata zitaonyesha thamani yake.

## Boksi jipya, na kila risasi inakwenda juu

Kaliba haijabadilika, darubini haijaguswa, lakini jana ulikuwa na 180 na leo una 150. Kwenye mita 100 unaona risasi zimehama sm 4, 5, au zaidi, na si lazima ziwe zimehama kwa kupanda tu. Nyingine huenda pembeni, nyingine hata hushuka, kwa sababu kila uzito hutikisa mtutu kivyake kabla kichwa hakijatoka. Hata greni ile ile kutoka viwanda viwili inaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo usikokotoe kwa karatasi ya kiwanda. Piga.

Weka shabaha mita 100 zilizopimwa, si zilizokisiwa kwa hatua. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga mbele na chini ya tako la bunduki, kamwe usiegemeze mtutu wenyewe. Piga tatu, uache mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuondoa mkono, kisha pima kutoka katikati ya kundi la tatu hizo hadi pale unapotaka. Darubini nyingi husogea kama sm 0.7 kwa mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia kwenye mita 100. Ukiwa juu kwa sm 5.6, ni milio minane kushuka. Usirekebishe kwa risasi moja. Risasi moja haijakuambia kitu.

Kwa .30-06 yenye greni 180, kundi likikaa sm 5 juu ya katikati kwenye mita 100, litapiga katikati karibu na mita 180, na likifika mita 275 litakuwa limeshuka zaidi ya sm 20. Mpaka mita 200 basi, lenga unapotaka igonge. Zaidi ya hapo, kwa swala ambaye kifua chake ni kama sm 25 hadi 30, sogea karibu kwanza.

Utasikia pia kwamba risasi "inapanda" Arusha kwa sababu ya mwinuko, na kwamba aliyerekebisha shabaha Dar es Salaam lazima aanze upya. Hewa kwenye mita 1,400 ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya pwani, hilo ni kweli. Lakini kwenye mita 200 tofauti yake haifiki hata sm 1. Kama umehama sm 6 baada ya safari, tafuta skrubu, usitafute mlima. Joto lina nguvu zaidi: risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser tangu saa nne asubuhi hupandisha kasi na mgandamizo, na dalili yake ni boliti (komeo la bunduki) kuwa nzito kuinua. Ziweke kwenye mfuko wa ngozi, kivulini.

## Karatasi inaonyesha zimetawanyika

Bunduki nzuri ya kuwindia iweke risasi tatu ndani ya sm 4 kwenye mita 100. Sm 5 bado inafaa. Ukiona sm 12 baada ya kubadilisha greni, utasema greni haziipendi bunduki, na wakati mwingine utakuwa sahihi. Fuata mpangilio huu kabla ya kununua boksi lingine.

Skrubu za msingi wa darubini, za pete zake, na zile mbili za chini zinazoshika bunduki kwenye mbao: barabara ya makorogoro ya kwenda Natron huzilegeza bila kuomba ruhusa. Halafu mtutu uliochafuka kwa shaba, hasa ukihama kutoka shaba tupu kwenda laini au kinyume chake. Safisha kwa dawa ya kutoa shaba mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi ya bluu au kijani, kisha piga risasi mbili au tatu za kuutuliza mtutu kabla ya kuhukumu. Halafu mpe mpigaji mwingine bunduki ile ile. Yakishapita yote hayo ndipo uje kwenye uzito.

Uzito hutawanya risasi pale kichwa kinapokuwa kirefu kuliko mzunguko wa mifereji ya mtutu unavyoweza kukituliza. Dalili yake ya wazi ni tundu kwenye karatasi kuwa refu, lenye umbo la tundu la ufunguo: kichwa kimeingia kwa ubavu. Ukiliona hilo hata mara moja, boksi hilo halifai kwa bunduki hiyo, na hakuna marekebisho ya darubini yatakayoliponya.

Kupima mzunguko ni kazi ya dakika tano. Bunduki iwe tupu, boliti imetolewa. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake huzunguka wenyewe, funga kitambaa kinachobana, usukume ndani kidogo. Tia alama juu ya ufito na nyingine pale unapoingilia mtutuni. Sukuma polepole hadi alama ya juu izunguke mara moja kamili na kurudi juu, kisha tia alama ya pili pale unapoingilia. Umbali kati ya alama mbili za pembeni ndio mzunguko wako. .30-06 kwa kawaida ni inchi 10. .308 nyingine ni 10, nyingine, hasa za zamani, ni 12.

Kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879 bado inatosha kwa kazi hii: zidisha 150 kwa kipenyo cha kichwa, zidisha tena kwa kipenyo hicho hicho, gawanya kwa mzunguko, vyote kwa inchi, upate urefu wa juu wa kichwa. Kwa kipenyo cha .308, mtutu wa inchi 10 hutuliza kichwa cha hadi mm 36 hivi, na wa inchi 12 hadi mm 30. Ni kanuni ya tahadhari, hivyo kinachozidi kidogo kinaweza kukubali, ila kijaribu kwenye karatasi kwanza. Pima urefu wa kichwa, si wa risasi nzima. Na kumbuka kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha greni 180 ni kirefu kuliko mwenzake wa greni hizo hizo. Wenye .308 ya zamani ya inchi 12 ndio hukwama hapo: wamefuata ushauri wa "greni 180 kwa kila kitu", wakanunua shaba tupu, na karatasi ikajaa matundu ya ufunguo. 150 ya shaba tupu huwamalizia shida.

## Upepo wa mchana na vichaka vya migunga

Tambarare za Simanjiro na Longido hupata upepo baada ya saa tano. Kwa upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, kwenye mita 180, greni 150 fupi ya .30-06 husogea sm 9 hadi 10, na 180 husogea sm 6 hadi 8. Inatosha kugeuza risasi ya mapafu kuwa ya tumbo, haitoshi kuwa sababu ya kubadilisha boksi.

Vichaka ni hadithi nyingine, na hadithi ndilo neno. Kichwa kizito chenye pua ya duara hakikati matawi kikaendelea na safari yake. Kila kichwa hupinda kikigusa tawi, kizito kwa chepesi, na kadiri tawi lilivyo mbali na mnyama ndivyo kosa linavyokua. Dawa yake ni kungoja asogee.

## Kila risasi inakwenda chini, na bega linauma

Mpigaji huyu amepandishiwa greni na bunduki kubwa kwa pamoja. .375 H&H hupiga teke karibu mara mbili ya .30-06, na mwili hujifunza kuliogopa kabla akili haijakubali. Mchanganyie risasi za mazoezi zisizo na baruti kwenye magazini bila kumwambia ziko wapi. Traiga ikivutwa kwenye risasi tupu na mtutu ukainama, umepata jibu. Kumtoa 180 kwenda 150 ndani ya .30-06 hupunguza teke kidogo tu. Kinachosaidia ni mpira mnene kwenye tako, kubana bunduki begani bila kuacha nafasi, na kufanya mazoezi risasi kumi kwa siku, si arobaini. Tusingemruhusu aingie kitaluni na .375 mpaka aweke tatu ndani ya sm 10 akiwa amesimama kwenye fimbo za kuegemea, mita 50.

## Amelala mmoja, na mwingine anachechemea

Kichwa kimepita kwa pala na kumfikia aliyesimama nyuma. Mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye leseni hata asipopatikana, kwa hiyo hasara ni ya huruma na ya fedha. Ukibeba boksi la pofu kwenye kundi la pala, chukulia kila risasi itatokea upande wa pili. Ngoja nyuma yake pawe peupe.

## Ncha zimebonyea, au risasi hazipandi chemba

Kwenye bunduki zenye teke kali, risasi zilizobaki kwenye magazini hujigonga ukuta wa mbele kila unapofyatua, na ncha laini hubonyea. Kubonyea kidogo hakuharibu shabaha ya mita 100. Lakini angalia urefu wa risasi nzima: ukiona moja imekuwa fupi kuliko mpya ya boksini, kichwa kimesukumwa ndani ya ganda, na hiyo usiipige kabisa, maana mgandamizo hupanda. Zungusha risasi, ya chini ije juu, kila baada ya kufyatua mara mbili au tatu. Vichwa virefu vya pua ya duara, greni 220 hasa, hukwama kwenye ngazi ya chemba za baadhi ya bunduki. Jaribu kupandisha magazini nzima polepole na kwa haraka ukiwa uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye kingo ya udongo, kabla hujajaza mkanda wa safari.